Nimewarudishia jaribio, sasa naambiwa nalea uvivu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya kata wilayani Bahi. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nakuandikia kwa sababu jambo nililolifanya kwa nia njema limenigombanisha na watu ndani ya wiki mbili, na mpaka leo sijui kama nilikosea au nilipatia.

Mwishoni mwa Aprili niliwapa Kidato cha Pili jaribio la aljebra: kufungua mabano, kurahisisha, na milinganyo miwili mitatu. Darasa lina wanafunzi 63. Waliopata chini ya 30 walikuwa 41. Nilisahihishia nyumbani kwa taa ya sola, na nilipofika karatasi ya ishirini hivi nikaweka kalamu chini. Nilijua nilifundisha. Nilikuwa na andalio la somo, niliuliza maswali darasani, wakaitikia "ndiyo madamu". Sasa ile ndiyo ilikuwa ya nini?

Badala ya kubandika matokeo na kuendelea na mada nyingine, nilirudi nyuma. Nilifundisha upya kwa vipindi vinne, halafu nikatoa jaribio la pili. Kati ya wale 41, wanafunzi 27 walivuka 30. Kuna binti mmoja alitoka 12 akafika 58. Nilipomrudishia karatasi aliikunja mara nne akaiweka ndani ya soksi, nadhani ili isipotee njiani, maana anatembea mbali kurudi kwao.

Matatizo yakaanza hapo. Kwanza, mwalimu wa taaluma alikataa kupokea alama za pili. Alisema mbele ya walimu wenzangu: "Hapa si chuo kikuu, hatuna sapu. Novemba Baraza la Mitihani halitawaita mara ya pili." Akaongeza kuwa ninapika alama ili nionekane nafundisha vizuri. Neno hilo limeniuma sana.

Pili, alikuja mzazi kwa bodaboda, saa nne asubuhi, amekasirika. Binti yake alipata 78 katika jaribio la kwanza akawa wa kwanza darasani. Baada ya marudio, wavulana wawili walipata 80 na 84, binti akawa wa tatu. Baba anauliza: mwanangu aliyesoma mapema anaadhibiwa kwa lipi? Sikuwa na jibu zuri.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, niliwasikia wavulana wawili wakizungumza kwenye foleni ya uji. Mmoja alisema ana jaribio la Fizikia kesho na hajasoma. Mwenzake akamwambia, "Bora lingekuwa la Hisabati, madamu angerudisha tu."

Mwalimu, je, niendelee kurudisha majaribio? Na kama ni ndiyo, niandike alama ipi? Nifanyeje na hao wavulana?

Ni mimi mwanao,
Mwalimu wa Hisabati, Bahi

* * *

Marahaba mwanangu, na mbukwa, kama wasalimiavyo Wagogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile soksi. Nimefundisha miaka 34, Mpwapwa na Kongwa, na nimeona karatasi nyingi za jaribio zikiishia kufungia karanga. Mtoto anayeificha karatasi yake ya 58 ili aifikishe nyumbani ameshakujibu nusu ya swali lako. Endelea kurudisha. Ila namna ulivyorudisha ina matobo, na hao watu waliokulalamikia, kila mmoja ameliona tobo lake. Tuyazibe.

Nianze na 12 ya huyo binti, kwa sababu humo ndimo mambo yote yalimo. Hukunitumia karatasi yake, lakini karatasi za aljebra za Kidato cha Pili nimezisahihisha mpaka nazijua kwa sura. Ichukue uitazame tena. Mara nyingi utakuta hivi: swali linasema 3(x + 2), mtoto ameandika 3x + 2. Swali linalofuata, 5(y + 4), ameandika 5y + 4. Kwenye mlinganyo, mabano yale yale, kosa lile lile, kwa hiyo jibu la mwisho haliwezi kutoka hata kama hatua nyingine zote ni sahihi. Anazidisha cha kwanza, cha pili anakiacha mlangoni. Ni kosa moja tu, nalo limekula maswali sita. Wewe ukaandika 12 kwa kalamu nyekundu, naye akaisoma kwamba hajui hesabu. Kumbe kuna kitu kimoja hakijui, na kitu hicho unaweza kumfundisha kwa dakika kumi mkiwa mmekaa chini ya mwarobaini.

Sasa itazame ile ya 58. Kama mambo ni yale ninayoyajua, 3(x + 2) sasa imekuwa 3x + 6. Lakini fika penye −2(x − 5). Naona kama nipo: ameandika −2x − 10. Alama ya kutoa mbele ya mabano bado inamshinda. Hiyo 58 inakwambia kilichobaki ni nini. Jaribio la kwanza peke yake lisingekwambia, maana makosa yote mawili yalikuwa yamelaliana.

Ukiwa na 41 waliofeli, panga karatasi zao mezani kwa aina ya kosa, usizipange kwa alama. Utashangaa. Utapata lundo la waliokwama kwenye mabano, lundo la waliokwama kwenye alama ya kutoa, na lundo la tatu ambalo walimu wengi hatulitazami: walioacha swali wazi kabisa. Hao wa tatu waite uwaulize. Nilikuwa na darasa Kongwa ambalo karibu nusu hawakugusa swali la nne. Nilidhani ni gumu. Nilipouliza, kijana mmoja akaniambia hakujua neno "simplify" linataka afanye nini. Kurahisisha alikuwa anajua, tena vizuri, tatizo alikuwa amelijua kwa Kiswahili tangu shule ya msingi. Watoto wetu wanasoma miaka saba kwa Kiswahili halafu wanahamishiwa Kiingereza, na Kidato cha Pili bado wengi wako njiani. Usimpe mtoto huyo jaribio la pili kabla hujampa maneno ya kwenye maswali, utakuwa unapima kitu kile kile.

Kuna na wengine ambao hukuwataja. Umesema jaribio lilikuwa mwishoni mwa Aprili. Huko Bahi mwezi huo uwele na mtama vinakaza punje na kweleakwelea wanashuka. Ni wangapi kati ya hao 41 walikuwa shambani wakiamia ndege siku ulizofundisha mabano? Fungua rejesta uhesabu. Mtoto aliyekosa vipindi vitano hajafeli jaribio lako, hajafundishwa. Yeye hata tusimwite mrudiaji.

Nije kwa mwalimu wa taaluma. Msiwe maadui, kwa sababu sehemu ya maneno yake ni kweli tupu. Novemba hakuna kurudishiwa karatasi. Lakini fikiri naye zaidi kidogo. Anayeshindwa upimaji wa Kidato cha Pili anakariri darasa, yaani anarudia mwaka mzima. Anayefeli Kidato cha Nne anarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, anajitafutia ada ya mtihani na mahali pa kusomea, na mwaka unapita. Kwa hiyo marudio yapo hata huko juu, ila bei yake ni mwaka wa maisha ya mtoto. Ya kwako ya mwezi Mei bei yake ni chaki na vipindi vinne. Mwambie hivyo kwa adabu, mkiwa wawili, wala si mbele ya watu kama alivyofanya yeye.

Na mkumbushe, kama ni wa rika la kukumbuka, kwamba wazo hili si la kwako. Nilipoanza kazi, kwenye vikao vya walimu bado tulikuwa tunazungumzia Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka mtoto asihukumiwe kwa mtihani mmoja wa mwisho, kazi na maendeleo yake ya njiani yahesabiwe pia. Alama za maendeleo tunazojaza leo zina mizizi humo. Nje ya nchi, Mmarekani Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika mwaka 1968 kwamba wanafunzi walio wengi wanaweza kufika pale tunapodhani ni pa wachache, wakipewa muda na kurekebishwa makosa. Utaratibu wake ulikuwa huu: fundisha, pima, rekebisha, kisha pima tena kwa karatasi nyingine ya mada ile ile. Hiyo hatua ya tatu ndiyo wengi wetu tunairuka.

Mimi mwenyewe niliwahi kuiruka. Mwaka wangu wa nne au wa tano kazini niliwarudishia wanafunzi jaribio lile lile, sikubadili kitu zaidi ya kupangua maswali: la kwanza likawa la tano, la pili likawa la kwanza. Alama zilipanda, nikafurahi, mpaka nilipofika kwenye daftari la kijana mmoja aliyeandika majibu yote sahihi ya jaribio la zamani kwa mpangilio wa zamani. La kwanza 4, la pili 7, la tatu 11. Alikuwa amekariri orodha. Sikuwa nimemfundisha chochote, na wale waliopanda sikujua tena nani anajua na nani ana kumbukumbu nzuri tu. Nilichana karatasi zote na kuomba radhi darasani. Kwa hiyo mwenzako anaposema "unapika alama", jiulize kwanza kama jaribio lako la pili lilikuwa na namba mpya. Kama lilikuwa nazo, mpelekee karatasi zote mbili azione. Kama halikuwa nazo, mpe haki yake.

Wale wavulana wa kwenye foleni ya uji wamekupa zawadi, ingawa haionekani hivyo. Wamekuonyesha kuwa marudio yako hayana mlango, mtu anaingia tu. Weka mlango. Anayetaka jaribio la pili alete daftari lenye masahihisho ya kila swali alilokosa, amelifanya upya kwa mkono wake, na chini ya kila swali ameandika sentensi moja kueleza alipopotea. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kigogo ukipenda, mradi ni maneno yake. Sentensi hiyo huwezi kuinakili kwa jirani, ukiisoma utajua. Mpe wiki moja. Asiyeleta daftari habari yake imeishia pale, alama yake ya kwanza inabaki. Nafasi ni moja kwa kila jaribio, haina ya tatu. Na uyatangaze haya siku unayoanza mada, kabla hata hawajajua jaribio litakuwa lini. Kijana mvivu akiona kurudia kuna kazi kubwa kuliko kusoma mapema, atapiga hesabu yake mwenyewe.

Ila masahihisho hayo wayafanye shuleni. Nasisitiza hili kwa ajili ya wasichana. Ukisema "kafanyeni nyumbani" utawapata wavulana na watoto wa watumishi. Msichana akifika kwao anakutana na ndoo ya maji, moto wa jikoni na mdogo wake wa kubeba, na usiku taa ni ya kugombania. Tenga nusu ya vipindi viwili vinavyofuatana. Waliofaulu wape maswali magumu zaidi, na wanaotaka kusaidia wenzao waruhusu. Wewe zunguka na malundo yako matatu.

Mzigo wa kusahihisha je? Najua, 63 mara mbili ni nyingi, na mshahara ni ule ule. Jaribio la pili lisiwe refu. Aliyekwama kwenye mabano apewe mabano: maswali matano, dakika ishirini, unayaandika ubaoni, rimu ya karatasi inabaki ofisini. Andika seti mbili, kushoto na kulia, kwa sababu dawati lina watoto watatu na shingo zao ni ndefu.

Sasa alama ipi iandikwe. Hapa walimu tunagawanyika na mimi nina upande wangu. Wapo wanaochukua wastani wa mbili. Kwa binti yako, 12 na 58, wastani ni 35, yaani D. Hiyo 35 inasema nini? Hakuwa 35 Aprili wala si 35 leo. Wapo wanaoweka ukomo, kama vyuo vingi vinavyofanya kwa sapu, ambapo hata ukipata zote unaishia C. Mtu mzima wa chuo anaweza kubeba adhabu hiyo. Mtoto wa miaka kumi na minne ambaye jana aliandika 3x + 2 na leo anaandika 3x + 6, mwandikie anachokijua leo. Andika ya pili.

Lakini weka safu mbili kwenye daftari lako la alama, ya kwanza na ya pili, kwa wino, bila kufuta. Mwalimu wa taaluma akitaka kuona, anaona. Mkuu wa shule akiuliza, unafungua. Neno "kupika" linaishia hapo. Na uishie kwenye majaribio ya mada, yale ambayo ni yako. Mtihani wa muhula na wa mwisho wa mwaka ni wa shule nzima, una taratibu zake, na alama zake zinasafiri kwenda mbali kuliko darasa lako. Huo usiurudishe kwa uamuzi wako peke yako hata kama roho inakuuma.

Amebaki baba wa 78. Mwanangu, huyu ana haki, na naona kosa ni lako. Ulifungulia mlango waliofeli tu au waliotaka tu? Kama wavulana wa 80 na 84 waliruhusiwa, binti yake naye alipaswa kuambiwa kwa sauti kwamba anaweza kujaribu tena, kwa masharti yale yale. Wanafunzi wazuri mara nyingi hawaombi, wanaona aibu. Na kwa nini ulibandika nafasi kwenye jaribio la mada? Wa kwanza, wa pili, wa tatu, za nini? Acha nafasi zije mwisho wa muhula kama shule inazitaka. Jaribio la mabano ni la kujua nani hajui mabano.

Ukikutana na baba huyo, mweleze kwa lugha ya shamba, maana yeye ni mtu wa Bahi. Mvua ya kwanza ya Desemba ikidanganya, mbegu ikaota ikakauka, hakuna jirani anayemkataza mwenzake kurudia kupanda. Na yule ambaye yake ilishika mapema hajapoteza gunia hata moja kwa sababu jirani kapanda upya. Binti yake bado ana 78 yake, haikupungua. Halafu, kabla hajajibu, mwombe radhi kwa kuwa binti hakupewa nafasi, na mpe tarehe ya kumpa.

Likizo ya Juni iko karibu. Kabla hamjafunga, mwite yule binti wa soksi, mpe maswali matano yenye alama ya kutoa mbele ya mabano, hayo tu, na ukae naye mpaka lile la tano.